Bastola Haina Kasoro

Hounslow, London
2 Septemba 1972

Ndugu Telesphor,

Salamu nyingi kwako, kwa Marcelina na watoto. Sisi ni wazima. Mama Jaswinder amepata kazi ya kufunga chakula cha abiria wa ndege, na mimi nafagia hapo hapo uwanjani Heathrow, shifti ya asubuhi. Usicheke. Mkono uliorekebisha bunduki za wawindaji wa Arusha nzima sasa unashika fagio, na msimamizi wangu, kijana wa Kipunjabi aliyezaliwa Nairobi, ananiita "uncle" halafu ananionyesha kona niliyoisahau.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Ile bastola kubwa imepata mnunuzi.

Nilikueleza ilivyokwama. Kasha letu lilipofika bandarini walilifungua, wakaita polisi, na polisi wakamwita muuza bunduki mwenye leseni, Bwana Pelham wa Croydon. Akaichukua pamoja na vifaa vyake vyote, akavifungia kwenye sefu. Hapa mtu kama mimi haruhusiwi hata kuishika bila Bwana Pelham kusimama pembeni. Ama niiuze kwa mtu mwenye cheti, ama ikayeyushwe. Imelala mle miezi tisa.

Mnunuzi ni mzee mmoja, Meja Whitcombe, mwanachama wa klabu ya shabaha. Zamani alikaa Nanyuki. Aliitazama robo saa: ile silinda niliyoikereza yenye matundu matano badala ya sita ili kuta ziwe nene, mtutu unaoingia kidole cha mwisho, na mpini wa mninga ulioutengeneza wewe. Akauliza imetoka kiwanda gani. Nikamwambia kiwanda cha Harjit na Telesphor, nyuma ya soko la Arusha. Alidhani namtania.

Kwa kuwa hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza risasi zake, anachukua kila kitu: kalibu ya kumiminia vichwa vya risasi, vyuma vya kubania, mizani ndogo, maganda matupu, na zile risasi kumi na mbili zilizobaki tayari kwenye kopo. Ila anataka kipimo cha baruti kwa maandishi. Kichwani ninacho, lakini Mwingereza haamini kichwa, anaamini karatasi. Daftari letu liko kwako. Tafadhali nakili ukurasa ule unitumie.

Ndugu yetu Harish ana duka la kuchonga funguo kule Tooting. Amesema nikiuza bastola tutashirikiana. Nimechoka na fagio, Telesphor. Nataka kushika tupa tena.

Wako,
Harjit Singh

*

Arusha
14 Septemba 1972

Mpendwa Fundi Harjit,

Shikamoo. Barua yako imefika, tumeisoma wote, na Marcelina amesema mwambie Mama Jaswinder asibebe vitu vizito, mgongo wake tunaujua. Sisi hatujambo. Nyumba ya duka sasa imetaifishwa, ni ya Msajili wa Majumba, nami nimepangishwa chumba cha nyuma. Natengeneza baiskeli na pampu za maji. Bunduki siku hizi sizigusi. Tangu fujo za mpakani na Uganda zianze, mtu akionekana na baruti anaulizwa maswali mengi.

Kuhusu daftari, nasikitika. Liliingia maji wakati wa masika, kurasa zikashikana na wino ukayeyuka. Hakuna cha kunakili. Kipimo ni kile kile unachokikumbuka.

Lakini Fundi, risasi zile kumi na mbili usimpe mtu. Zina zaidi ya miaka miwili na zimevuka bahari. Baruti huvuta unyevu. Mwuzie bastola na kalibu na mizani, risasi ajitengenezee mwenyewe. Hizo zitupe, au Bwana Pelham azitupe. Naomba sana.

Nilikutana na Mwalimu Zainab, mjane wa marehemu Rajab. Bado anafundisha darasa la pili. Amekonda. Miaka miwili imepita lakini mji huu hausahau kitu kibaya. Juzi binti yake Mwanabaraka alirudi kutoka shule analia, wenzake wanamwita binti wa mkimbia nyati. Zainab aliniambia hayo tukiwa njiani, kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia bei ya unga. Nilishindwa kumtazama.

Sijawahi kukushukuru kwa wema ulionitendea mwaka ule. Wewe unajua, nami najua. Mungu akulipe.

Ni mimi mtumishi wako,
Telesphor Massawe

*

Hounslow
27 Septemba 1972

Telesphor,

Nimeisoma barua yako na sikuipenda.

Daftari lilikuwa rafu ya juu kabisa, juu ya dirisha. Maji yakilifikia daftari lile, Arusha nzima itakuwa imezama. Na habari ya unyevu waambie wauza baiskeli. Ganda lililobanwa kichwa na kuzibwa kwa nta halivuti unyevu miaka kumi. Nilikufundisha mwenyewe.

Sasa niulize. Wema gani? Mimi sikumbuki wema wowote mwaka ule. Nakumbuka askari wa wanyamapori aliyekuwa rafiki yetu, aliyeniomba nimwazime bastola aijaribu kwa sababu bunduki ndefu hukwama kwenye matawi mtu anapomfuata nyati aliyejeruhiwa kichakani. Nakumbuka nilimwazima kwa moyo mweupe, na kwa tamaa pia, nikitumaini Idara yake itaagiza nyingine kumi. Alikufa. Idara ikaniomba ripoti ya fundi, nikaandika, wakafunga faili. Basi. Kwa nini unaniletea Zainab na binti yake ndani ya barua ya biashara, halafu unaniambia "wewe unajua, nami najua"?

Kama una neno la kusema, liseme wazi. Kama ni la kunitisha, nipo mbali, na sikuondoka na kitu chako.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba, saa nane mchana, Meja atazipiga risasi zile kwenye chumba cha kujaribia chini ya duka la Bwana Pelham, halafu atatia sahihi. Kipimo nimekiandika mwenyewe.

Tangu wiki iliyopita Wahindi wa Uganda wanashuka hapa kila siku. Jana bibi mmoja wa Mbale, miguu imevimba, alinikuta na fagio langu akaniuliza kwa Kiswahili choo kiko wapi. Nilimpeleka mpaka mlangoni. Alinishika mkono akauliza, "Baba, hapa watatuacha tukae?" Nilimwambia sijui. Siku nzima nilifanya kazi kwa hasira, na usiku nikaisoma barua yako tena. Labda ndiyo maana naandika kwa ukali. Labda siyo.

Harjit Singh

*

SIMU YA MAANDISHI
ARUSHA 12 OKTOBA 1972
KWA HARJIT SINGH HOUNSLOW LONDON

MTU ASIPIGE RISASI ZILE HATA MOJA STOP BARUA INAKUJA STOP TELESPHOR

*

Arusha
13 Oktoba 1972

Mpendwa Fundi Harjit,

Barua yako ya tarehe 27 nimeipata jana adhuhuri. Imekaa njiani kuliko kawaida na bahasha ilikuwa imefunguliwa ikafungwa tena. Niliposoma tarehe ya kumi na nne nilikimbia posta na mikono ina grisi. Sijui kama simu imefika. Kama haikufika, barua hii ni ya bure, lakini lazima niiandike.

Daftari halikuingia maji. Lipo hapa mbele yangu. Nilidanganya kwa sababu nilitaka uzitupe zile risasi bila kuniuliza.

Juni mwaka 1970 ulikwenda Dar kwa mambo ya pasi zenu. Uliacha risasi ishirini ulizozitengeneza, na uliniambia, "Baruti usiiguse mpaka nirudi." Rajab alizichukua zote akaenda kujifunza shabaha. Zilipiga vizuri, zote ishirini. Jumanne akaja na maganda matupu ndani ya mfuko. Nyati aliyejeruhiwa alikuwa anashambulia watu kwenye mashamba ya kahawa chini ya Meru, na alipangiwa kumfuata kesho yake alfajiri. Nikamwambia Fundi hayupo. Akasema, "Wewe ni fundi pia, Tele. Kwani mikono yako ina nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilijaza maganda yale yale ishirini mchana ule. Mara mbili wateja waliniita mbele ya duka, mara mbili nikaacha trei ya maganda mezani nikarudi. Nilipomaliza kubana vichwa, kwenye kibakuli baruti ilibaki nyingi kuliko ilivyopaswa. Niliona, Fundi. Nikajiambia mizani imekosea mwanzoni. Nilikuwa na risasi ishirini zinazong'aa, zimepangika kama zako, na Rajab amesimama mlangoni anatabasamu. Nilimpa tano. Kumi na tano nikazirudisha kwenye kopo lako.

Jumatano ile ile alikufa. Nilipopata habari sikwenda msibani mpaka siku ya pili, nilisema naumwa.

Uliporudi Ijumaa, walikuletea bastola. Ulijifungia chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa uani, na kupitia dirishani nilikuona umeibana kwenye jiliwa, unagonga fimbo ya shaba kuingia mtutuni, taratibu, mpaka kichwa cha risasi kikaanguka kwenye kitambaa. Ukakitia mfukoni. Kesho yake nikaona ripoti yako mezani: Bastola haina kasoro. Nikajua umegundua ni kazi yangu na umeamua kunifunika. Ukaendelea kunipa kazi, ukaniachia vyombo vyako ulipoondoka. Ndiyo maana nimekushukuru. Miaka miwili nimekuwa nikikuombea kila Jumapili.

Sijui ngapi hazina baruti. Inaweza kuwa ile moja tu. Zinaweza kuwa nyingi. Isiyo na baruti hulia kidogo tu, ile fataki ndogo ya kitakoni inakisukuma kichwa kikakwama ndani, na mtu akipiga ya pili mtutu unapasuka mkononi mwake. Unajua kuliko mimi.

Nisamehe kwa yote, na zaidi kwa barua ile ya uongo.

Telesphor

*

Hounslow
15 Oktoba 1972, Jumapili

Telesphor,

Simu yako ilifika Ijumaa, lakini hatukuwepo nyumbani, na mwenye nyumba wetu, Bwana Firoz, aliichukua pamoja na barua zake. Alinipa jana saa sita na nusu mchana nilipotoka kazini. Alisema, "Samahani, nilidhani ni ya gesi."

Sikubadili nguo. Nilipanda treni mpaka Clapham Junction, nikabadili, nikafika Croydon saa nane na dakika kumi. Dukani hapakuwa na mtu ila mke wa Bwana Pelham. Alisema wameshashuka. Kwenye ngazi nikasikia mlio wa kwanza. Ule mlio tunaujua mimi na wewe, unausikia kifuani. Juu ya mlango kuna taa nyekundu, ikiwaka mlango unafungwa kwa ndani. Nikagonga. Mlio wa pili. Nikagonga kwa ngumi zote mbili. Wa tatu.

Halafu kimya.

Nilipiga mlango kwa bega. Bwana Pelham akafungua amekasirika, na nyuma yake nikamwona Meja anaitazama bastola kama mtu aliyesikia mtoto anakohoa. Akasema kitu kwa Kiingereza, kwamba hii ya nne imelia vibaya. Kidole gumba kilikuwa kinavuta nyundo kwa ajili ya ya tano. Kiingereza chote kilinitoka. Nikasema kwa Kiswahili, "Usipige. Weka chini. Weka chini, mzee." Alikaa Nanyuki miaka minane na Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu, sidhani kama aliwahi kuamrishwa kwacho. Aliiweka chini.

Tuliipeleka kwenye meza ya kazi. Kichwa kilikuwa kimekwama mwanzo wa mtutu. Nikaomba ruhusa, tukazifungua nane zilizobaki mbele yao. Saba zina baruti kamili. Moja haina hata punje. Bwana Pelham akaniuliza, "Nani alizitengeneza hizi?" Nikajibu, "Mimi." Meja alikaa kwenye kiti. Akasema bado anaitaka bastola, bila risasi. Nikamwambia si leo.

Sasa niambie ulijuaje. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kwa sababu kuna jambo ambalo nilidhani ni mimi peke yangu ninayelijua, na leo nakuandikia bila kuficha.

Rajab hakukosa shabaha. Bastola ilipoletwa nilikuta kichwa kimekwama mtutuni. Nilikitoa. Nilifungua risasi nne zilizorudi, zilikuwa sawa. Nikafungua tatu za kwenye kopo, sawa. Nikajiambia nilikosea moja tu kati ya ishirini zangu, na hiyo moja ndiyo iliyomngoja Rajab. Kumi na mbili nikaziacha. Nafsi yangu ilitaka ziwe nzima, kwa hiyo sikuzifungua. Halafu nikaandika kwamba bastola haina kasoro. Kila neno lilikuwa kweli. Bastola haikuwa na kasoro, risasi ndiyo ilikuwa nayo, na hakuna aliyeniuliza habari ya risasi. Nilikuwa Singasinga anayengoja pasi ya Mwingereza, na niliogopa jela. Wakaandika kuwa askari alipiga mara moja, akakosa, akakimbia. Niliisoma hukumu ile na nikanyamaza.

Nilimwua rafiki yangu kwa uzembe, kisha nikamwua tena kwa kalamu. Umejua tangu lini?

Harjit

*

Hounslow
24 Oktoba 1972

Ndugu Telesphor,

Barua zetu zimepishana angani. Yako ya tarehe 13 nimeipata leo.

Usinishukuru tena. Sikukufunika. Sikujua kabisa kuwa uligusa baruti. Nilijifunika mwenyewe, na wewe ukadhani blanketi ni lako. Hizo Jumapili zote umemwombea mtu asiyestahili.

Nitakwambia na jambo la aibu. Nilipomaliza kusoma nilifurahi. Nilisimama jikoni, karatasi mkononi, nikafurahi kwamba si mkono wangu. Mama Jaswinder akaniuliza, "Habari njema?" Hapo ndipo nikaketi. Nimembeba Rajab miaka miwili na miezi minne, na nilipopata wa kumtwika nilikutwika wewe kwa sekunde moja, bila hata kukuhurumia.

Kisha nikafikiri. Ulimpa risasi kwa sababu alikuwa na shida na alikuamini. Hilo ni kosa la mikono. La kwangu ni la kichwa. Nilikuwa na siku nzima na kalamu, hakuna mteja aliyeniita.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Mwalimu Zainab. Haijafungwa, isome. Nimeandika kuwa risasi zilitoka dukani kwangu, kuwa moja haikuwa na baruti, kuwa nilikitoa kichwa kilichokwama na kuficha, na kuwa ripoti yangu iliwapotosha Idara. Nimetia sahihi mbele ya wakili wa hapa Hounslow ili mtu asiseme ni ya kughushi. Bwana Pelham naye ameandika alichokiona.

Jina lako sijaliandika. Wewe ndiye uliye huko, na watoto wako wako huko, na najua wanachofanya kwa mtu aliyejaza risasi bila leseni. Hilo ni lako kuliandika au kuliacha, nami sitakuuliza. Lakini barua ya Zainab mfikishie, Telesphor. Usipoweza, niambie nitumie posta.

Harjit

*

Arusha
12 Novemba 1972

Bwana Harjit Singh,

Naitwa Zainab binti Msabaha, mjane wa Rajab. Zamani ulikuwa ukiniita shemeji. Nimepata barua yako.

Aliileta Telesphor, Jumapili iliyopita baada ya kanisa, amevaa suti. Nilidhani kuna harusi. Alikataa kuketi. Aliniambia ana barua kutoka London na anaomba aisome mwenyewe, maana akinipa nitasoma peke yangu na yeye atatoroka. Aliisoma. Mimi nilikuwa nachambua mchele na niliendelea kuchambua mpaka mwisho. Nikamwambia, "Soma tena." Nikamwita shemeji yangu Soud, aliyekuwa wa kwanza kusema ndugu yake ameiaibisha familia, na majirani wawili. Akasoma tena. Alipofika mwisho, pale kwenye sahihi yako, akaomba kalamu. Akaandika chini yake kuwa risasi alijaza yeye, na jina lake kamili. Maandishi yanasomeka.

Soud alitaka kumpiga. Nikasema mtu asimguse nyumbani kwangu.

Jumatatu sikwenda kufundisha. Nilimchukua Telesphor tukaenda pamoja Idarani, na karatasi zenu zote. Walimhoji siku mbili, polisi nao wakaja. Ijumaa wamemwachia arudi kwake, lakini ameambiwa asitoke Arusha. Hatujui itakuwaje. Marcelina alikuja kwangu akalia. Nilimfungulia mlango, nikampa kiti na maji.

Mkuu wa Idara amesema faili litafunguliwa upya. Nimemwambia nataka iandikwe kwa herufi kubwa na ibandikwe pale pale walipobandika ya kwanza.

Usinitegemee nikuandikie kuwa nimekusamehe. Ulikuja nyumbani kwangu siku ya arobaini. Ulikula pilau. Ulimpakata binti yangu. Kile kichwa cha risasi ulikuwa umeshakitoa mfukoni, au ulikuwa nacho siku hiyo? Usinijibu hilo.

Nijibu jambo moja tu. Idara wanasema karatasi yako inathibitisha kuwa risasi ya kwanza ilishindwa, lakini haithibitishi alichofanya baada ya hapo. Soud anasema hivyo hivyo, kwamba huenda alipiga, ikashindwa, akageuka kukimbia. Alikutwa kifudifudi, na nyati akishamrusha mtu hujui alikuwa ameelekea wapi. Wenzake walikuwa nyuma kichakani, hawakuona. Wewe uliishika ile bastola kabla ya mtu mwingine kuigusa. Mimi ni mwalimu, sijui bunduki. Kuna kitu ulikiona ambacho hukukiandika?

Zainab

*

Hounslow, London
23 Novemba 1972

Mwalimu Zainab,

Kipo.

Mwanzo nieleze bastola ile inavyofanya kazi, uweze kuwaeleza na wao. Haijipigi. Ili ipige, lazima mtu avute nyundo nyuma kwa kidole gumba. Nyundo ikirudi nyuma, silinda inazunguka tundu moja na kuleta risasi mpya mbele. Ndipo anavuta triga. Akitaka kupiga tena, lazima avute nyundo tena, na chuma kile ni kigumu. Nilikifanya kigumu makusudi, kisijifyatue mtu akikimbia au akianguka. Hakirudi nyuma chenyewe. Kukivuta unahitaji mkono uliotulia na kidole chenye nguvu.

Bastola ililetwa dukani na askari wawili imefungwa ndani ya gunia. Walinikabidhi kwa mbali, mmoja akaniambia, "Fundi, hatukuigusa, tunaiogopa ilivyo." Nilipofungua gunia, nyundo ilikuwa nyuma. Risasi ya kwanza, ile iliyoshindwa, ilikuwa imeshapita pembeni, na ya pili ilikuwa mbele ya mtutu, nzima. Niliishusha nyundo mwenyewe, polepole, ili isifyatuke. Ndicho kitu cha kwanza nilichokifanya, na kwa kukifanya niliwafutia ushahidi wote waliokuja baada yangu.

Kwa hiyo mume wako alipiga, na bastola ikamlilia kidogo mkononi. Kila mtu anayejua bunduki husikia mlio ule akajua kuna tatizo. Nyati alikuwa hatua chache. Aliweza kuitupa akakimbilia mti. Yeye alivuta nyundo mara ya pili. Alikuwa amesimama mbele ya nyati yule, bastola mkononi, tayari kupiga tena, na wenzake wako nyuma yake. Muda wa kuvuta triga haukutosha.

Haya nimeyaapa mbele ya wakili na karatasi ya kiapo iko ndani ya bahasha hii, nakala tatu: moja yako, moja ya Idara, na moja ya kubandikwa. Wale askari wawili watafutwe waulizwe habari ya gunia. Mmoja anaitwa Justin, ana kovu shavuni. Naamini watakumbuka.

Bastola sijaiuza. Meja ameniandikia mara mbili, na Harish amempata mshirika mwingine. Iko kwenye sefu kule Croydon, na nimemwambia Bwana Pelham ikae mpaka Idara waseme kama wanaihitaji. Wakiniita mimi pia nije, nitakuja. Nimeshaomba ruhusa kazini.

Harjit Singh